Njia ya Maji Ambayo Hayajafika

Ukimtajia mtu wa Nairobi jina la Liboi, atakujibu kwa neno moja: mpaka. Akiwa na kumbukumbu nzuri ataongeza Oktoba 2011, magari ya jeshi la Kenya yalipopita hapo kuingia Somalia, au atarudi nyuma hadi 1991, wakimbizi walipofurika na Liboi ikawa kambi kabla ya majina ya kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera kuzoeleka redioni. Mfuatiliaji wa hali ya hewa atataja joto. Hakuna atakayetaja mifereji. Hata dereva anayetoka Dadaab kwenda mpakani huvuka mmojawapo bila habari: kijibonde kikavu, kina chake hakizidi goti, upana wake lori linapita, kinatambaa kwenye tambarare ya vichaka na kupotelea nyuma ya tuta la udongo. Mbuzi wamelala humo kukwepa upepo. Hakuna tone.

Kwa mtu aliyezoea kusikia habari za Suez, kilomita 193 za meli na mizigo, kijibonde hicho ni mzaha. Mimi nakihesabu miongoni mwa kazi ngumu za mikono zinazofanyika Kenya, na ugumu wenyewe uko katika jambo moja: aliyekichimba hakuwa na maji ya kukijaribia.

Nyuma ya lile tuta kuna silanga, shimo pana la kuhifadhi maji ya mvua, ambalo wenyeji wanaozungumza Kisomali huliita war. Silanga ndiyo inayopigwa picha, ndiyo inayozinduliwa na waheshimiwa, ndiyo inayohesabiwa katika ripoti. Mfereji wa kuilisha hutajwa kwa sentensi moja, kama hutajwa. Lakini shimo bila mfereji ni shimo tu. Nimeona kadhaa ya namna hiyo Kaskazini Mashariki: yamechimbwa vizuri, kuta zimenyooka, na ndani yake umeota mwiba kwa sababu mvua ilinyesha, maji yakapita mita 50 kando, yakaenda zake.

Kabla ya kuingia kwenye ufundi, tuione nchi ilivyolala. Mto Ewaso Ng'iro unakusanya maji ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, unapita Archer's Post na Merti, kisha unachoka katika kinamasi cha Lorian. Miaka ya mafuriko huvuka kinamasi hicho na kuendelea kwa jina jingine, Laga Dera, kupitia Habaswein, kushuka hadi upande wa Liboi na kuingia Somalia kuelekea bonde la Juba. Miaka mingine haufiki. Huko juu, Timau na Nanyuki, mashamba yana mifereji na pampu zake, na kila kiangazi mto unafika chini mwembamba kuliko ulivyoondoka. Chini ya ardhi yapo maji ya Merti, akiba kubwa iliyotandaa kutoka Merti hadi ng'ambo ya mpaka, lakini kuyafikia kunataka kisima cha zaidi ya mita 100, pampu, dizeli na fundi wa kuaminika. Tena maji hayo ni baridi katikati ya akiba na chumvi pembeni. Mtu wa Liboi mwenye ngamia na mbuzi hawezi kuiweka roho yake kwa mto usiofika wala kwa jenereta. Anataka maji ya tatu, yale yanayoanguka juu ya kichwa chake mwenyewe.

Nayo huanguka kidogo. Mwaka wa kawaida mvua yote haifiki milimita 400, na mgao wake ni misimu miwili mifupi, gu kuanzia Aprili na deyr kuanzia Oktoba. Lakini fanya hesabu. Mvua moja ya milimita 30 ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba, imemwaga lita milioni 30. Nyingi zitanywewa na udongo palepale. Ikitiririka sehemu moja tu kwa kumi, ni lita milioni 3, na ngamia mwenye kiu hunywa lita 100 hivi kwa mara moja. Maji ya ngamia 30,000 yanapita mbele ya macho yako katika muda wa saa mbili tatu, kisha basi. Mfereji wa Liboi unafanya kazi saa chache kwa mwaka. Muda uliobaki wote unasubiri.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia mchimbaji wake. Wamarakwet, waliopitisha mifereji kwenye miteremko ya Elgeyo tangu karne zilizopita, walikuwa na mito isiyokauka. Anayechimba mfereji wa namna hiyo huruhusu maji yamfuate nyuma. Yakisimama anajua amepanda, yakikimbia anajua ameshuka kupita kiasi. Maji yenyewe ni pimamaji. Wenye falaji za Oman, ambazo 5 kati yake ziliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, waliweza kugawana zamu za kumwagilia kwa kivuli cha mti mchana na kwa nyota usiku, kwa kuwa maji yalikuwepo leo na kesho yangekuwepo. Fundi wa Liboi anachimba wakati wa jilaal, kiangazi cha Januari hadi Machi, ardhi ikiwa ngumu na anga ikiwa tupu. Anamaliza, anafuta jembe lake, anakwenda nyumbani. Kama amekosea, atajua usiku mmoja wa Aprili, gizani, na hatakuwa na nafasi ya kurekebisha hadi mvua nyingine.

Basi hujifunza vipi? Mzee mmoja aliyeshiriki kuchimba silanga kadhaa za upande huo alinionyesha anavyoanza. Nilikuwa natazama mbali, nikitafuta mteremko, na sikuuona. Tambarare ya Liboi humdanganya hata mwenye darubini. Yeye alikuwa ameinama kwenye kichaka.

"Adeer, ami, njoo huku. Unaona nini?"

Niliona vijiti vikavu, majani ya mwaka jana na vidonge vya kinyesi cha mbuzi vimenasa kwenye matawi, sentimita 20 hivi kutoka chini, vyote upande mmoja wa kichaka.

"Takataka," nikasema.

"Mbuzi hanyi mtini, adeer."

Akacheka, akaenda kichaka cha pili, na cha tatu. Kila kimoja kilikuwa na mzigo wake upande uleule. Kufikia kichaka cha kumi nilikuwa naliona nililokuwa nalitafuta kwa macho ya juu: njia pana ya maji, karibu mita 80 kutoka ukingo hadi ukingo, yasiyopita kwenye korongo bali yanayotandaa juu ya ardhi yote kwa kina cha kifundo cha mguu. Upande wa kichaka unasema maji yalitoka wapi. Urefu wa takataka unasema yalipanda kiasi gani. Ukubwa wa vijiti unasema yalikuwa na nguvu gani: nyasi tupu ni maji mapole, kijiti kinene kama kidole gumba ni maji ya kuogopwa. Haya yote aliyasoma katika mwezi ambao hakuna mtu aliyekuwa ameona wingu.

Baada ya njia ya maji huja udongo. Anachota konzi kutoka kina cha mkono, si juu, kwa sababu juu pamechanganyika na mchanga wa upepo. Anaunyunyizia maji ya chupa, anaukanda kiganjani hadi unang'aa, kisha anauviringisha uwe uzi mwembamba wa kadiri ya penseli na kuukunja taratibu uwe pete. Ukikatika mapema, mchanga ni mwingi na silanga itavuja. Ukizunguka ukakutana bila kupasuka, ni mfinyanzi wa kutosha. Akitaka uhakika zaidi huchimbwa shimo la kiunoni na kujazwa maji jioni, asubuhi waangalie yameshuka kiasi gani. Maji hayo yamekuja kwa mkokoteni wa punda, katika mitungi ya lita 20, kutoka kisimani. Sijui mahali pengine Liboi ambapo maji humwagwa kwa makusudi, na watoto wanaosimama kutazama huwa hawaamini macho yao.

Mahali bora pa silanga na mahali bora pa njia ya maji ni nadra pawe pamoja. Mfinyanzi mzuri unaweza kuwa mita 200 au 300 kando ya pale maji yanapopita. Mfereji upo kwa ajili ya umbali huo. Kazi yake ni kuyashawishi maji yaache njia waliyoizoea babu zao na kuinama upande, bila kuyakasirisha.

Kwanza hujengwa mikono miwili: matuta mafupi ya udongo, urefu wa paja, yanayofunguka kuelekea juu ya mteremko ili kuyakusanya yale maji yaliyotandaa. Mikono ikifunguka mno inabeba maji kuliko mfereji unavyomeza, na tuta linapasuka. Ikifunguka kidogo, maji yanapita nje. Kisha mfereji wenyewe, na hapa hakuna kubahatisha kwa jicho. Watu wawili wanashika ncha mbili za mpira mwembamba unaoonekana ndani, umejazwa maji na kutolewa mapovu kwa uvumilivu, kila ncha ikiwa imefungwa kwenye fito yenye alama. Maji ndani ya mpira husimama usawa mmoja pande zote mbili, hata kama kati yenu pana kichuguu. Mmoja anasoma fito yake kwa sauti, mwingine anajibu, wa tatu anapiga kigingi. Siku hiyo maji ya mle mpirani ndiyo mto wote uliopo.

Wanachotafuta ni mwinamo wa sentimita 10 hadi 20 kwa kila mita 100. Ni kidogo kuliko vile mkono wa mchimbaji aliyechoka unavyoweza kukosea kwa pigo moja la jembe. Maji yakipita kwenye udongo mtupu kwa kasi inayozidi sentimita 60 au 70 kwa sekunde, huanza kuula, na mfereji wa leo unakuwa korongo la mwaka kesho. Yakienda polepole, chini ya sentimita 30 hivi, hutua na kuangusha tope lote yalilobeba, na mfereji unajizika wenyewe. Kati ya kula na kuzika kuna nafasi finyu, na ndani ya nafasi hiyo ndimo mwenye sururu anamotakiwa kubaki kwa mita 300, jua la Machi likimpiga mgongoni. Ndiyo maana mifereji mizuri ya huko ni mipana na mifupi kwa kina. Maji yakitandaa hupoa hasira.

Karibu na silanga mfereji hupanuka ghafla na kuwa dimbwi dogo lenye kizingiti upande wa mbali. Mgeni hudhani ni mahali pa watoto kuteka. Hapo maji hulazimishwa kusimama kidogo, mchanga na mavi na vijiti vizame, kisha maji mepesi yavuke kizingiti na kuingia. Wengine huacha nyasi ziote kati ya dimbwi na silanga, na mchungaji anayeruhusu mbuzi wazile atasikia maneno. Kisha mahali pa kuingilia, pale maji yanaposhuka kutoka ukingoni hadi chini ya shimo. Mawe ni adimu katika tambarare ile ya mchanga na udongo, kwa hiyo kama hayakuletwa kwa lori hutumika magunia yaliyojazwa udongo uliochanganywa na saruji kidogo, yakapangwa ngazi kwa ngazi. Bila ngazi hizo, anguko la kwanza la maji litaula ukuta, na ukuta utaishia chini ya silanga kama tope.

Shimo lenyewe nitalipitia haraka, ingawa ndilo lenye jasho jingi. Jambo la kujua ni kwamba hewa ya huko hunyonya zaidi ya mita 2 za maji kwa mwaka. Silanga pana isiyo na kina ni sinia la kukaushia. Katika miezi ya jilaal pekee hupotea karibu sentimita 60 au 70 bila hata mnyama mmoja kuramba. Basi wachimbaji wenye busara huchimba kwenda chini, na udongo unaotoka huutupa hatua kadhaa mbali na ukingo, upande unaotoka upepo, ili tuta liwe kinga badala ya kurudi ndani mvua ikija. Mwisho huingizwa mbuzi na kondoo. Chini ya silanga hulowanishwa na mvua ya kwanza, na kundi linazungushwa humo, kwato ndogo kwa maelfu zikikandamiza mfinyanzi hadi matundu yazibe. Nadhani hakuna mashine iliyowahi kukodiwa kwa bei rahisi kuliko hiyo: inajileta yenyewe na inalipwa kwa kunywa.

Misimu ya mvua ilikosekana 5 mfululizo kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022. Fikiria mfereji uliokamilishwa kabla ya deyr ya 2020. Ulikaa wazi miaka miwili na zaidi. Upepo ukaujaza mchanga, mti wa mathenge ukaota ndani yake, ngamia waliodhoofika wakabomoa kingo zake wakivuka kuelekea kisimani. Malori ya maji yakapita kando yake. Kuna watu waliendelea kuusafisha. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, mtu mmoja na koleo na karai, akitoa mchanga wa upepo kutoka njia ambayo haikuwahi kupitisha maji. Katika Uislamu kuchimba maji ni sadaka yenye kuendelea, thawabu zake hazikatiki mchimbaji akifa. Wengi hapo walitaja hilo walipoulizwa. Mzee wangu alitoa sababu fupi zaidi: mvua haitoi taarifa.

Mifereji mingine mikubwa ya eneo hili imekuwa na hadithi nyingine. Huko Hola, kwenye mto Tana, mnamo 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kizuizini walipigwa hadi kufa walipolazimishwa kufanya kazi katika mradi wa umwagiliaji, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikadai walikufa kwa maji waliyokunywa. Huko Bura, miaka ya 1980, ulijengwa mradi uliokusudiwa kumwagilia hekta 6,700 ukaishia karibu 2,500, maji yakipandishwa kwa pampu za dizeli kutoka Nanighi. Pampu zilipokwama, mifereji ikabaki mikavu kandokando ya mto unaotiririka. Siitaji Bura kwa dharau. Wahandisi wake walijua hesabu kuliko mimi. Ila mfereji wa Liboi haumtegemei mtu wa dizeli, na katika nchi ile hilo ni jambo kubwa.

Siku hizi tingatinga huchimba silanga kwa siku chache, kazi ambayo kijiji kingeifanya msimu mzima kwa mpango wa chakula kwa kazi. Sina ugomvi na tingatinga. Mgongo wa binadamu una mipaka yake, na shimo la tingatinga lina kina ambacho karai haliwezi kukifikia. Tatizo ni kwamba mashine hulipwa kwa saa, na kutembea kutoka kichaka hadi kichaka kutafuta kinyesi kilichonasa hakuna saa ya kulipiwa. Mfereji huchorwa mstari mnyoofu, kwa sababu mashine hupenda mstari mnyoofu. Maji ya Liboi hayajawahi kuupenda. Penye bahati, mwenye mashine huwa na adabu ya kuuliza, na mzee hutangulia mbele ya ndoo ya chuma akipiga vigingi, dereva akimfuata kwa gia ndogo. Hiyo ndiyo namna bora niliyoiona: nguvu ya dizeli chini ya amri ya mtu anayejua maji yanakotaka kwenda.

Mvua ilirudi 2023. Gu ilijaza silanga nyingi, kisha ikaja deyr ya Oktoba na Novemba pamoja na El Niño, ikapita kiasi: Garissa ikakatika barabara, kambi za Dadaab zikaingiwa na maji, na wazee wakaanza kulinganisha na 1997. Mifereji iliyokuwa imesubiri miaka miwili na zaidi ikapewa katika usiku mmoja maji ambayo haikuchimbwa kwa ajili yake. Palipokuwa na mlango wa kutokea, ule mfereji wa pili upande wa chini unaoachwa chini kidogo ya kimo cha tuta ili maji ya ziada yapate pa kwenda, tuta lilisimama. Palipokuwa hakuna, au ulikuwa mwembamba, tuta lilipasuka na silanga ikamwagika yote, pamoja na udongo wa ukuta.

Maji yalipopungua, wenye mpira wa kupimia walirudi porini. Vichaka vilikuwa vimevaa takataka mpya, safari hii kwenye urefu wa kiuno, na kila kimoja kikapimwa kabla mbuzi na upepo havijavichezea. Vipimo vya namna hiyo hupatikana mara moja katika miaka 20 au zaidi. Wakakubaliana kwamba mlango wa kutokea upanuliwe na kushushwa. Wasichokubaliana ni maji ya ziada yaelekezwe wapi. Wenye silanga iliyo chini zaidi wanataka yapitishwe kwao kwa mfereji mwingine, na wako tayari kuuchimba. Wenye silanga ya juu wanasema mfereji ukishakuwepo, hao wa chini watadai maji hata mwaka wa ukame, na wataanza kuja usiku kuchimbua kizingiti. Walikuwa bado wanabishana nilipoondoka, lakini vigingi vya kwanza vilikuwa vimeshapigwa.